Kisiagi ubavuni, kesha nyuma ya nyumba: nilipe 68,000 za sponji?

Kwako Mama Fundi,

Hujambo? Mimi ni nesi, nakaa Migosi hapa Kisumu, kwenye ploti ya nyumba sita zilizoshikana mstari mmoja. Yangu ni ya mwisho: sebule mbele, chumba cha kulala nyuma, na kijikoni. Nilipohamia nilifurahi kuwa pembeni, nikijua nitapakana na jirani mmoja tu. Kisha shemeji ya mwenye ploti akajenga kibanda cha mabati kikiegemea ukuta wa chumba changu cha kulala, akaweka kisiagi cha dizeli, mashine ya kusaga mahindi. Dirisha langu na matundu ya hewa yanatazama nyuma, hatua chache kutoka mlango wa hicho kibanda.

Mara nyingi nafanya zamu za usiku. Nafika nyumbani kama saa mbili unusu asubuhi, namwacha mtoto na dada wa kazi sebuleni, nalala. Sijafumba macho vizuri, mashine inawashwa. Si kelele peke yake. Hata maji kwenye glasi yanatetemeka. Wiki ambazo sina zamu za usiku, nako kuna jirani wa upande wa pili. Wufa yake, ile spika ya besi, naisikia kana kwamba iko kwangu, na hata akikohoa namsikia, ilhali kati yetu kuna ukuta wa mawe. Ijumaa ni zamu ya kanisa lililo nyuma ya ploti, wana kesha na spika zimeelekezwa nje.

Nilisoma mtandaoni kwamba trei za mayai huzuia kelele, nikazibandika. Nilichopata ni mende. Nikaongeza magodoro mawili membamba ya sponji, nikayasimamisha ukutani, sikuona tofauti. Sasa fundi mmoja amekuja na sponji nyeusi zenye meno kama za studio. Anasema atafunika ukuta wa upande wa kisiagi na ule wa jirani kwa shilingi 68,000. Pesa ninazo, nilipokea za chama juzi, lakini moyo unasita. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, yeye anasema nihame tu. Sitaki kuhama, kazini natembea kwa miguu na kodi naimudu. Nikifunga madirisha nalo joto la Kisumu linanimaliza.

Je, nimpe huyo fundi kazi? Na nitamwambiaje mwenye kisiagi bila kufukuzwa kwenye nyumba? Sheria iko upande wangu?

Nesi Asiyelala, Migosi

*

Dadangu Nesi,

Pole. Usimlipe huyo fundi hata shilingi moja. Sisemi ni mwongo. Huenda anaamini anachouza, maana hizo sponji zina kazi yake. Ukiingia chumba kitupu kisicho na fanicha, ukapiga makofi, utasikia mwangwi. Sponji inakunywa ule mwangwi. Ndiyo sababu studio wanaibandika, ili sauti ya mwimbaji isirudi kwenye maikrofoni ikiwa imechafuka. Lakini kelele inayotoka nje kuja ndani inapita kwenye sponji karibu kama haipo. Trei za mayai ni vivyo hivyo, ila hizo hata mwangwi wenyewe hazikunywi sawasawa. Kinachozuia sauti kupita ni uzito na kuziba. Kitu chepesi chenye vitundu hakizuii.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sponji ya kawaida hushika moto haraka mno na moshi wake ni sumu. Kufunika kuta mbili nzima za chumba anacholala mtu, tena kwenye ploti yenye nyaya za umeme za kubahatisha, ningekukataza hata kama ungepewa bure.

Sasa tuutazame ukuta wako. Ukuta wa mawe au bloku wenye unene wa sentimita 15, uliopigwa plasta pande zote mbili, hupunguza sauti kwa takriban desibeli 45. Desibeli ni kipimo cha ajabu kidogo: kila zinapopungua 10, sikio linasikia kama kelele imepungua nusu. Kwa hiyo 45 ni kazi kubwa sana. Ukuta huo hauhitaji kusaidiwa na sponji. Hakikisha tu kwamba plasta ipo kila mahali, hasa nyuma ya kabati na juu karibu na dari, maana mafundi wetu hupenda kuruka pale wanapojua hutatazama. Bloku isiyopigwa plasta ina vitundu vingi kuliko unavyofikiri.

Tatizo ni kwamba ukuta haukai peke yake. Tuseme ukuta wako wa nyuma ni mita tatu kwa tatu, yaani mita tisa za mraba. Tundu la hewa juu ya dirisha, lile lenye wavu wa mbu, likiwa sentimita 60 kwa 15, ni asilimia 1 ya ukuta wote. Asilimia 1 tu. Lakini kwa tundu hilo moja, ukuta mzima hauwezi tena kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungeujenga kwa zege la nusu mita. Ni neti iliyotoboka: mbu hahitaji upana wa neti, anahitaji lile tundu. Ndiyo maana magodoro yako hayakubadilisha kitu. Uliyaweka mahali ambapo kelele haikuwa inapita.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta inakopita. Kisiagi kikiwa kinanguruma, mwambie dada abane mto kwenye tundu la hewa huku wewe umesimama katikati ya chumba. Kelele ikishuka, umepata njia ya kwanza. Fanya hivyo kwenye ukingo wa dirisha, kisha mlangoni. Usiku zima taa, mtu asimame nje na tochi aizungushe kwenye fremu ya mlango na ya dirisha. Panapopenya mwanga, sauti inapita pia.

Lakini hata kabla ya hayo, jambo la bure: geuza nyumba. Kulala kuhamie mbele, sebule iende nyuma. Najua wageni watashangaa kupitishwa kando ya kitanda, na mtoto atachezea upande wa kelele, ila unaweza kuvuta pazia katikati, na mtoto mchana anaweza kushinda uani au jikoni na dada. Mashine ikiwa nyuma, kila ukuta wa ziada kati yako nayo ni faida. Kama haiwezekani, basi angalau toa kitanda kwenye ukuta unaopakana na kibanda na weka kabati la nguo hapo, likiwa limejaa.

Tundu la hewa usilizibe kabisa. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona watu wakilijaza magazeti na sementi. Nyumba zetu zimewekewa yale matundu kwa sababu maalum: ukiwasha jiko la makaa ndani na hewa haina pa kutokea, hewa ya sumu isiyo na harufu inaua watu wakiwa usingizini. Wewe ni nesi, unaijua. Dawa yake ni sanduku. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la plaiwudi ya milimita 18 lisilo na mgongo, lenye kina cha sentimita 20 hivi, lifunike tundu kwa ndani. Ndani yake aweke kibao cha kati ili hewa isipite moja kwa moja, ishuke, igeuke, ndipo itokee chini. Njia ya hewa isiwe nyembamba kuliko tundu lenyewe mahali popote. Kuta za ndani za sanduku zibandikwe vipande vya sponji, na hapa ndipo magodoro yako yatakapopata kazi. Hewa inajua kupinda. Sauti kila inapogonga kona inamezwa na sponji. Wavu wa mbu ubaki palepale. Ukingo wa sanduku unaogusa ukuta upakwe silikoni, kusibaki ufa. Jikoni usiweke sanduku hilo, pale hewa ipite itakavyo.

Dirisha ni kazi zaidi. Kama ni yale ya chuma, kioo chake pengine ni cha milimita tatu au nne na puti imekauka na kudondoka. Anza na puti mpya, kisha raba ya kujibandika kuzunguka sehemu inayofunguka. Watu wengi huridhika hapo. Ukitaka zaidi, unaongeza dirisha la pili kwa ndani, kioo cha milimita sita kwenye fremu ya mbao yenye bawaba, na kati ya kioo na kioo uache nafasi ya kutosha, sentimita 10 au zaidi ukuta ukiruhusu. Vioo viwili vilivyokaribiana havifui dafu kwa mngurumo wa chini wa dizeli. Ni ile nafasi inayofanya kazi. Mapazia mazito kutoka soko la Kibuye yatapendeza na yatatuliza mwangwi na jua, ila usitarajie yazuie kisiagi. Kama dirisha ni la luva, yale ya vioo vya kupangana, toa. Hayafungi yakafungika.

Na joto? Hilo ndilo gumu letu watu wa kando ya ziwa. Mtu wa Nakuru, kule juu, anaweza kufunga dirisha akajifunika blanketi. Wewe utafunga dirisha la upande wa mashine, uache wazi la mbele, sanduku liendelee kupumua, na feni iwake. Feni ina faida ya pili: uvumi wake usiobadilika unafunika vile vikelele vidogo vya kushtukiza vinavyomwamsha mtu. Ukilala mchana, kinachokuamsha mara nyingi si kelele inayoendelea bali ile inayoanza ghafla.

Mlango wa chumba, ukiwa ni ule wa flashi ambao ukiugonga unalia kama debe, ndani yake ni hewa na makaratasi. Badala ya kununua mpya, pigilia plaiwudi ya milimita 12 upande mmoja kwa gundi na skrubu, ongeza bawaba ya tatu maana utakuwa mzito, weka raba kwenye fremu na raba ya kufagia chini. Hapo sauti za mtoto sebuleni nazo zitapungua.

Jirani wa kikohozi ni hadithi nyingine, na nina uhakika wa karibu bila kufika kwako. Ukuta kati yenu umeishia kwenye dari. Juu ya silingi bodi, kuanzia nyumba ya kwanza hadi yako, ni uwazi mmoja chini ya mabati. Sauti yake inapanda kwake, inatembea juu ya ukuta, inashukia kwako. Mwombe landilodi afungue bodi moja muone pamoja. Dawa ni kuupandisha ukuta hadi ugote mabati na kuziba mikunjo kwa sementi. Kama msingi au linta haiwezi kubeba mawe zaidi, basi fremu ya mbao yenye bodi za jipsamu mbili mbili kila upande na pamba ya mawe (rockwool) katikati.

Hii kazi ni ya mwenye nyumba, si yako, na una hoja mbili ambazo hazina uhusiano na kelele. Moto ukianzia nyumba namba moja, ule uwazi unaupeleka hadi namba sita kabla mtu hajatafuta maji. Na mwizi akipandia nyumba moja anaweza kushukia nyingine yoyote. Landilodi asiyejali usingizi wako atajali hayo. Mkikubaliana, mwambie atandaze pamba ya mawe juu ya silingi bodi yako pia. Itapunguza kelele za mvua inayopiga mabati jioni, na itapunguza joto linaloshuka kutoka kwenye mabati hayo mchana, jambo ambalo kwa mtu anayelala saa nne asubuhi lina thamani kuliko ukimya wenyewe.

Hata hivyo besi ya wufa haitaisha yote. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu na yanatikisa ukuta wenyewe. Mwombe jirani aitoe wufa sakafuni na kwenye ukuta wenu, aiweke upande wa pili juu ya kipande cha raba nene. Haimgharimu kitu.

Sasa kisiagi. Maji yanayotetemeka kwenye glasi yananiambia kwamba sehemu ya tatizo haiji kwa hewa, inakuja kwa sakafu na ukuta. Mtetemo wa namna hiyo hakuna kitu unachoweza kufanya upande wako kuuzuia. Unazuiwa kwenye mashine. Kwa bahati, matengenezo yake ni madogo. Mashine ikae juu ya vipande vinene vya tairi kuukuu la lori badala ya kufungwa kavu kwenye zege, na boliti zake zipitishiwe washa za raba. Mbao za kibanda zilizopigiliwa kwenye ukuta wako zing'olewe, kibanda kisimame kwa nguzo zake, hata kikiachana na ukuta kwa upana wa vidole vinne. Ekzosi, ambayo naamini inatema upande wa dirisha lako, iwekwe salensa nzima isiyotoboka na ielekezwe juu, mbali nawe. Mlango wa kibanda ugeuzwe upande wa barabara, ambako hata wateja wanatokea.

Nenda kwake kama jirani, si kama mshtaki. Mpe salamu, mpelekee mahindi usage, kisha mweleze kazi yako. Watu wa Kisumu wanawaheshimu manesi, itumie heshima hiyo. Usimwambie afunge biashara. Muulize ni saa ngapi za asubuhi hana wateja wengi. Watu wengi huleta mahindi jioni wanapotoka shughulini. Akikubali kukusanya mahindi ya asubuhi ayasage kwa mpigo mmoja saa nane, umepata usingizi wa saa tano. Kama unaona aibu kuanza wewe, mtume mama mmoja wa ploti anayeheshimika azungumze na dada yake au mke wake kwanza.

Kuhusu sheria, iko upande wako, ila nusu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Ndani ya nyumba za makazi kiwango ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku kisheria ni kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje, kwenye mtaa uliochanganyika makazi na biashara, mchana wanaruhusiwa 55. Kwa hiyo anayelala mchana kama wewe hajafikiriwa sana, na mwenye kisiagi anaweza kujitetea. Lakini kanuni hizo zinaagiza pia kutazama kama kelele inaweza kupunguzwa bila gharama wala taabu ya kupita kiasi. Raba ya tairi kuukuu si gharama ya kupita kiasi mbele ya afisa yeyote.

Kesha ndiyo yenye msimamo dhaifu kabisa, kwa sababu 35 za usiku zinahusu kila mtaa, na kanisa halina msamaha. Anza hata hivyo kwa mchungaji na wazee wa kanisa. Waombe spika ziingie ndani na zitazame waumini, na besi ishuke. Mungu hakai kwenye ploti yenu hata spika zielekezwe huko. Wakikataa, andika tarehe na saa kwenye daftari, ongea na mzee wa nyumba kumi na chifu, kisha ofisi ya mazingira ya kaunti, kwa kuwa Katiba katika Jedwali la Nne imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, au ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hapa Kisumu. Programu ya simu ya kupima desibeli itakusaidia kulinganisha leo na jana, lakini ushahidi ni kipimo cha afisa. Majirani watatu wakitia sahihi pamoja nawe, hutaonekana mpangaji mmoja mwenye maneno mengi.

Wakati hayo yakiendelea, nunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Watu wengi husema havifanyi kazi kwa sababu wanavipachika tu mlangoni mwa sikio. Kiviringishe hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie hadi kijae. Siku dada hayupo na uko peke yako na mtoto, ziba sikio moja tu.

Pesa zako za chama nenda nazo hivi: sanduku, puti na raba kwanza, kisha mlango. Ulale wiki mbili, usikilize. Dirisha la pili liwe baadaye, kama bado unalihitaji. Kila kitu kifungwe kwa skrubu, si kwa zege, ili siku ukihama uondoke nacho. Na kile ambacho landilodi atakubali kukatwa kwenye kodi, kama ukuta wa juu ya dari, kiandikwe kwenye karatasi na mtie sahihi wote wawili kabla fundi hajapanda ngazi.